Bomba Kwanza, Watu Baadaye

Somo yangu,

Nimeipata Tukuyu. Ilikuwa ndani ya pipa la taka la kompyuta, imelala chini ya Dodoma, pamoja na picha nyingine nilizozitupa mwenyewe kwa mikono yangu hii. Nimefurahi mpaka nimemfungia mlango mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Nimemwambia arudi baadaye, nina mgonjwa ndani, amezinduka. Hakuuliza zaidi. Hapa Masasi wananijua.

Utasema barua huanza na salamu. Nawe tangu lini ulianza na salamu? Basi tulia nikupangie habari tangu siku tuliyokusindikiza, maana mengi yamepita na wewe hukuwepo, jambo ambalo si kawaida yako.

Siku ya mazishi nilifanya kazi yangu. Ninyi Wamakonde na sisi Wamakua ni watani, na mtani asipochekesha msibani watu hudhani alikuwa na kinyongo na marehemu. Nikachukua dumu lako la njano, lile unaloliziba kwa mfuko wa nailoni, nikapita nalo kati ya akina mama waliokaa mikekani nikiuliza mmoja mmoja, kwa sauti yako ile ya darasani, "Samahani, maji yapo? Yanatoka saa ngapi?" Kisha nikakamata boksi la majani ya chai nikalifanya kamera, nikawaswaga shangazi zako: "Ukutani, wote ukutani. Mama Zawadi, fumbua macho," kama ulivyozoea kuniambia. Mdogo wako, Mama Shaibu, alikuwa analia. Akacheka. Akarudi kulia, sasa kwa sauti kubwa kuliko ya mwanzo. Wazee wakasema huyu Mmakua anajua kazi.

Halafu nikazunguka nyuma ya nyumba, pale penye bomba lako lisilotoa maji. Nikakaa chini na dumu mapajani. Huko hapakuwa na mtu wa kuchekeshwa, kwa hiyo nikapumzika kidogo.

Haki yangu ya utani nilipewa: jogoo mmoja mwenye hasira, na kamera yako. Jogoo alikwisha siku ileile. Kamera ninayo hapa mezani, imeniangalia tangu asubuhi.

Kompyuta yako ndiyo iliyokuwa na maneno. Mume ulimzika mapema, mtoto hukujaliwa, na kwa desturi yenu kama ilivyo yetu, cha mwanamke humwendea mtoto wa nduguye wa tumbo moja. Kwa hiyo kompyuta ni ya Shaibu, naye anaihitaji kweli, yuko chuo kule Mtwara anaandika kazi zake kwa simu mpaka kidole kimepinda. Tatizo ni kwamba ukiiwasha inakwambia imejaa. Imejaa wewe. Imejaa likizo zetu zote.

Mama Shaibu akanijia na maneno mazuri: "Mama Zawadi, wewe una steshenari, mambo haya unayajua. Zipange picha za dada. Zinazofaa zitie kwenye flashi moja ya familia, tutazitazama siku ya arobaini. Zinazobaki futa, mtoto apate nafasi ya masomo."

Mambo haya ninayajua, ndiyo. Kompyuta nilijifunza kwa kuharibu za watu. Lakini kusema "zinazobaki futa" ni rahisi kwa asiyekaa mbele ya kitufe. Nilichukua kazi ile nikijua kwamba nitakachokiacha kitabaki kuwa ndiyo safari zetu, na nitakachokifuta hakitakuwa kimetokea. Watu wa kikundi chetu cha safari wenyewe, wewe unawajua. Ukimwuliza Mwalimu Halima tulikula nini Kilwa atakutajia alichokula kwenye harusi ya mwanawe.

Na kikundi, somo, kilikuwa kimekubaliana kimyakimya kufa. Hakuna aliyesema. Ila siku ya tatu baada ya msiba, Halima akaanza kutaja masufuria. Unakumbuka tulivyoanza? Akina mama wote wa mji wanachanga na kununuliana vyombo kwa zamu, wewe ukasimama ukasema, "Sufuria haina hadithi. Tuchange tutembee." Ndiyo likawa jina, Kikundi cha Miguu, walimu watupu na mimi mmoja mwenye duka, niliyeingizwa kwa kazi maalumu ya kukutania njiani ili usilale. Sasa mwenye miguu hayupo, na Halima ameanza kuona sufuria ina faida zake.

Basi nikaiwasha.

Mwenzangu, ulikuwa mwalimu wa kupanga madaftari kwa rangi, lakini kompyuta yako ilikuwa kama stoo ya korosho baada ya mnada. Folda ya kwanza inaitwa "Mpya". Ya pili "Mpya 2". Kisha "Mpya mpya". Kisha "Mpya kabisa". Ya mwisho, na hii nilicheka mpaka nikatoka nje kupunga upepo, inaitwa "Mpya ya zamani". Nikasema haidhuru, picha za kamera huwa na tarehe, nitazipanga kwa tarehe. Nikazipanga. Kumbe kamera yako kila inapotolewa betri husahau siku, ikirudishiwa inakuuliza leo ni lini, na wewe kila mara ulibonyeza "sawa" bila kusoma, ukaendelea na safari. Kwa mujibu wa kamera yako, somo, tulizunguka Lindi, Kilwa, Dodoma, Iringa, Songea, Tukuyu na Bagamoyo siku moja, nayo ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya. Ndiyo maana tulichoka vile.

Nikasema haidhuru tena, nitazitambua kwa macho. Hapo ndipo nilipokutana na kuta zako.

Sijui nani alikufundisha kwamba binadamu hupigwa picha ukutani. Nadhani ni zile picha za vitambulisho za wanafunzi, ulizipiga nyingi mno zikakuingia. Umetupeleka mpaka kwenye magofu ya Kilwa, bahari iko nyuma yetu, wewe unatugeuza tutazame bahari tuegemee choo cha wageni, kwa sababu kina ukuta mweupe. Picha baada ya picha: sisi wote, sare yetu moja ya kitenge cha samaki, ukuta. Sare, ukuta. Sare, ukuta, kidole chako pembeni. Safari inaisha wapi na nyingine inaanza wapi, hakuna ajuaye. Nilimpigia simu Mwalimu Neema, nikamtumia picha, nikamwuliza ukuta huu ni wa wapi. Kwa adabu yake ile ya watu wa Rungwe akasema, "Mama Zawadi, ukuta ni ukuta."

Nisikudanganye, siku zile za mwanzo nilifurahia kazi kuliko ilivyofaa mfiwa. Ulikuwa unapiga kila picha mara nne, eti kwa sababu mimi nimefumba macho. Nimezitazama zote nne nne. Mara zote nne nimefumba. Nikaamua kujifunza ufundi wa kuazima: unakata macho ya mtu kwenye picha moja unayapachika kwenye nyingine. Macho yangu yaliyo wazi nilikuta jozi moja tu nzuri, ya kule Lindi, nikiwa nimemwangalia muuza pweza. Nikayapachika kwenye Kilwa, nikayapachika kwenye Bagamoyo. Nikajiona nimependeza. Mwanangu Zawadi alipopita dukani akatazama, akasema, "Mama, mbona kila mahali unamtazama mtu kwa pembeni kama unamdai?" Nikayaondoa. Nimefumba, basi. Tutazeeka hivyo.

Nikakata vidole vyako pembeni. Nikanyoosha picha zilizoinama. Nikaongeza mwanga kwa wale wa nyuma ambao huwa wanalalamika. Na mapema kabisa, asubuhi ya kwanza, nilifanya kile kitu ambacho kila msafishaji hufanya ili ajisikie anasonga mbele: nilitupa takataka za wazi. Sakafu. Miguu yako mwenyewe. Na mabomba.

Mabomba, somo. Mabomba ya maji, mengi, kila folda. Bomba la uani, bomba la bafuni, bomba la shuleni, tangi juu ya paa. Tulijua sote kwamba tukifika mahali, kabla mabegi hayajashuka, wewe umeshapotea nyuma ya nyumba kwenda kuangalia maji. Nilikutania kwa hilo nchi nzima: Mmakonde wa Newala akiona bomba husahau shikamoo. Nawe ukanijibu, "Ninyi wa Masasi maji yamewazoea, ndiyo maana mnayadharau." Tulidhani unanawa. Hatukujua kuwa unapiga picha, na nilipoziona nilisema ni uroho wa macho tu. Nikazitupa zote pipani, kwa furaha, na nikaona folda zinapumua.

Juzi nikaenda kulimwaga pipa lenyewe. Nikabonyeza. Kile kimstari cha kijani kikaanza kutembea, kikafika pahali, na umeme ukakatika Masasi nzima. Betri ya kompyuta yako ilikufa zamani, unajua, inaishi kwa waya kama mgonjwa wa mashine, kwa hiyo ikazimika palepale. Nikawalaani wa umeme kwa lugha tatu. Leo nawaombea dua.

Kwa sababu leo asubuhi amekuja Shaibu. Anapanda Newala kwa mama yake kwa ajili ya arobaini, akasema apitie kwangu aone kazi imefika wapi. "Shikamoo, Mama Zawadi." Marahaba, nikampa kiti, nikampa chai na ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, nikamwonyesha kuta zako nilizozing'arisha. Alitazama kwa heshima. Kijana ana heshima yako ile yenye mwiba ndani. Mwisho akauliza, taratibu, "Mbona hakuna maji?"

Nikamwuliza maji gani.

Akanieleza. Kwamba Mama Mkubwa wake akirudi safari, kabla hajafungua begi, anatoa kompyuta barazani na majirani wanajaa. Kwamba hakuwa anawaonyesha watu, watu aliwaacha mwisho, wakati wengi wameshaenda zao kupika. Alikuwa anawaonyesha maji. "Hapa ni Dodoma, kwenye ukame wanaosema, tazameni presha hiyo." Na jirani yenu Bibi Fatu anauliza, "Wanapanga foleni?" Na wewe unajibu, "Foleni ya nini? Limefunguliwa na mtu ameondoka." Na baraza zima linaguna kama limeambiwa kuna mji watu wanatupa nyama.

Nikamwambia Shaibu aende sokoni akaninunulie kitu, nadhani nilisema nanasi. Nikafungua pipa.

Yapo. Si yote, umeme ulichelewa kidogo, lakini yapo. Na hebu nikwambie nilichokiona, kwa sababu wewe ulikuwa unakijua miaka yote hiyo na hukusema. Watu uliwapiga ukutani, lakini bomba ulilipiga vizuri. Ulirudi nyuma. Ulipiga magoti. Uliliacha lionekane mahali lilipo. Nyuma ya bomba la Dodoma kuna mizabibu na kilima chenye jiwe lililoinama. Nyuma ya bomba la Kilwa kuna gofu na jahazi dogo la kuchezea ambalo mtu kalitundika. Na nyuma ya bomba la Tukuyu, somo, kuna migomba iliyolowa, na mlima mzima, na wingu limekaa juu ya mlima kama kilemba, na mama yake Neema amesimama mbali anashangaa mgeni gani huyu amepiga magoti uani kwake badala ya kuingia ndani akaribishwe chai. Bomba linamwagika. Hakuna aliyelifungua kwa ajili yako, linamwagika tu. Nimekumbuka uso wako siku ile ulipoingia ndani. Ulikuwa kama mtu aliyetoka kusali.

Mandhari yote ya nchi hii uliyaweka nyuma ya mabomba. Nami niliyatupa nikabaki na kuta.

Na la pili: kwa kuwa kila mahali ulianza na bomba, kila bomba ni mlango. Linapotokea bomba jipya, hapo ndipo tulipofika. Kinachofuata ni cha hapo, mpaka bomba jingine. Na kati ya safari na safari unalipiga lile la kwako la Newala, kavu, na buibui wake mdomoni. Yule buibui anakua, somo. Kwenye "Mpya" ana utando mdogo kama kitambaa cha kichwa cha mtoto, kwenye "Mpya kabisa" ameshajenga. Kwa hiyo sasa najua hata safari ipi ilitangulia ipi. Mimi na buibui tumekupangia miaka.

Shaibu amerudi na nanasi. Naweka kalamu.

*

Somo, naendelea. Nimerudi kutoka Newala jana, na sijui nianzie wapi, na mkono unakimbia kuliko akili.

Kazi iliisha. Nilifanya siku mbili mfululizo, wateja wakapata shida, lakini wataishi. Kila safari ina folda yake na jina lake. Mabomba mengine yaliyopotea kwenye pipa hayakunishinda: Lindi niliitambua kwa pweza wangu, Songea kwa sababu wote tumevaa masweta na Halima amejifunika taulo. Fungu moja tu ndilo lililobaki yatima. Bomba lake limekwenda na umeme. Liko baada ya Dodoma, sare, ukuta wa kijivu, na sisi wote tumelowa. Chapachapa. Kitenge kimetugandia, Neema nywele zimelala, tunacheka midomo wazi kama watoto waliotoroka shule. Na mimi, somo, macho yangu yako wazi. Ndiyo picha pekee ya ukutani. Haina haja ya kuazimiwa.

Pembeni kuna kidole chako. Nacho kimelowa, tone limening'inia kwenye ukucha. Hicho sikukikata.

Nilijaribu kukumbuka ni wapi. Nakumbuka maji, baridi yake usoni, na sauti yako nyuma ya kamera ikisema "ukutani" huku umekosa pumzi. Mahali sikumbuki. Nikaipa folda jina "Mahali Fulani".

Siku ya arobaini nikapanda Newala na flashi imefungwa kwenye upindo wa kanga, kama bibi harusi na mahari yake. Ukungu ulitupokea palepale juu, kama kawaida ya kwenu, mchana kweupe hatuonani. Dua ikasomwa vizuri. Wali ukatosha. Baada ya chakula Mama Shaibu akafunga mapazia ya sebuleni, tukachomeka flashi kwenye runinga ya jirani, na watu wakajaa mpaka dirishani, kikundi chetu mbele, majirani zako nyuma. Mimi nimeshika rimoti, jasho linanitoka kama mwanafunzi wa mtihani wako.

Nikaanza na Lindi, bomba lake halipo, nikaomba radhi, nikapita haraka. La Kilwa likatokea. Halafu kutoka nyuma, sauti ya Bibi Fatu: "Hilo lina chumvi."

Basi ikawa hivyo. Wanayajua, somo. Wanayajua kwa moyo. Kabla sijabonyeza wananiambia linalokuja. "Sasa la hoteli, lenye moto na baridi." Linakuja la hoteli. "Sasa la shule, lisilo na koki, wameziba na gunzi." Gunzi hilo hapo. Lilipotokea la kwako kavu, chumba kizima kikasema kwa pamoja, kama wimbo wa shule, "Na hili la kwetu." Na kicheko kikafuata, na Mama Shaibu akacheka bila kurudi kulia. Walimu wa kikundi wamegeuza viti, hawatazami runinga tena, wanawatazama majirani zako. Safari walizokwenda wao, wanasimuliwa na watu ambao hawajawahi kupita Nanganga, hapo mbele kidogo ya Masasi.

Tukafika baada ya Dodoma. Nikabonyeza, ukatokea ukuta wa kijivu na sisi tulivyolowa.

"Umeruka moja," akasema Bibi Fatu.

Nikasema ndiyo, bibi, limepotea, na ni kosa langu. Akasema, "Ni lile la kukanyaga." Wenzake wakaitikia. Bomba la kukanyaga kwa mguu, lina mdomo mrefu unatazama juu, ukilikanyaga sana linarusha maji mpaka penye paa. Nikahisi maji usoni palepale. Nikamwuliza, je, Mwalimu aliwaambia liko wapi?

"Tulimwuliza," akasema. "Kila mara tunamwuliza. Anasema, hilo sisemi, mtakwenda mkalitafute wenyewe."

Hapo ndipo nilipojua kwamba umenipiga utani kutoka huko uliko, na mimi ndiye niliyejidhani fundi wa kazi hiyo.

Somo, kilichofuata sitaki kukieleza kwa sauti ya barua. Neema akasema kwa upole kwamba pale ni Iringa, kwenye misheni. Halima akasema Iringa wapi, pale ni njia ya Bagamoyo, alinunua ungo. Mwingine akasema Mikumi, tulipoharibikiwa basi. Mimi nikasikia mdomo wangu unaapa kwamba ni Songea, wakati sina ushahidi wowote na Songea tulivaa masweta. Ilikuwa arobaini ya mtu, na walimu watatu wenye heshima zao na mwenye duka mmoja wamesimama wananyoosheana vidole juu ya ukuta wa kijivu. Halima akasema, "Basi twendeni tukaone nani mwongo." Halima, somo. Mwenye masufuria.

Kisha Neema akasema Iringa iko karibu kuliko watu wanavyofikiri. Uongo, lakini hakuna aliyembishia.

Mama Shaibu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Akasema, "Nafasi ya dada nitakaa mimi. Kazi yake naijua." Hakueleza kazi gani. Sote tulijua atakuwa wa kwanza kushuka.

Jioni wakati wa kuaga nikamkabidhi Shaibu kompyuta yake, nyepesi, imesafishwa, nikamwambia yote yako kwenye flashi, sasa ina nafasi ya kutosha vitabu vyote vya chuo. Akaiwasha kwanza, akapekua. Akasema, "Mama Zawadi, mabomba nirudishie humu. Yakae. Masomo yatabanana." Nikamrudishia. Akatafuta na picha ya Mahali Fulani, akaitazama muda mrefu kuliko nyingine, akaweka kidole chake kwenye kioo, juu ya kidole chako. Nilijifanya natafuta kandambili zangu.

Kabla ya kushuka Masasi nilipita nyuma ya nyumba. Buibui yupo, mnene, mzima wa afya. Nikatoa kamera. Betri nilikuwa nimeziweka mpya, ikaniuliza leo ni tarehe ngapi. Nikaitazama. Nikabonyeza "sawa". Kisha nikapiga magoti nikalipiga bomba lako, nikarudi nyuma vizuri ili lionekane lilipo: ukuta, migomba miwili, ukungu, na dumu la njano nililolirudisha mahali pake. Kwa mujibu wa kamera bado ni Mwaka Mpya, na safari ya leo ndiyo inaanza.

Likizo ya Juni tunatoka. Tunaanza Iringa, kwa heshima ya Neema, na kama si huko tutashuka kote kunakodaiwa, mpaka mtu mmoja akanyage kitu kirushe maji penye paa. Na nakuahidi hili, mimi Mmakua niliyezoea maji: nitakapofika pale sitasalimia mtu, sitashusha begi. Nitapiga bomba kwanza, kwa magoti, na kila kilicho nyuma yake. Kisha nitarudi Newala, barazani kwako, nimwonyeshe Bibi Fatu kabla ya watu.

Pumzika, somo. Sikuulizi kama umefika salama. Nauliza maji yapo, maana najua ndilo ulilotazama kabla hujawasalimia waliokutangulia. Kama yapo, tuwekee dumu. Tutakuja mmoja mmoja, na tutasimama ukutani utakapotuambia.

Mtani wako, wa jina lako,
Asha wa Masasi, niliyefumbua macho mara moja